Singida hadi Kintinku kwa Tairi za Mshale

Niliondoka Singida kwa sababu kaka yangu alisema siwezi. Sababu nyingine ilikuwepo, na ndiyo niliyomwandikia mwalimu mkuu kwenye barua: shule zilikuwa zinafunguliwa, na sare za watoto wa Kintinku zilikuwa zimekunjwa na kufungwa kando ya cherehani yangu. Lakini sare zingeweza kwenda kwa lori. Mimi nilizipeleka kwa gari langu kwa sababu Kaka Seif alisimama mlangoni mwa duka la marehemu baba, mbele ya wateja, akatangaza kwamba gari lile analiuza.

Niwaeleze kwanza gari lenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu tulivyozoea kuvisikia tu vilipoanza kuonekana madukani: sabuni za kila rangi, redio za kaseti, na magari yaliyotumika ya Kijapani yaliyopitia Dubai. Wenye akili zao walinunua pikapu. Mimi, kwa jasho la cherehani na magunia ya vitunguu niliyouza misimu mitatu, nilinunua gari la spoti. Jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na kuku uso kwa uso. Sikulinunua nilifunike kitambaa. Kila siku ya Mungu nililiendesha: nyumbani kwenda dukani, dukani kwenda shuleni kupima watoto, sokoni, msibani, harusini. Mjini waliniita Mama Spoti, na wengi wao hawakuwa wananisifu.

Kosa langu lilikuwa moja. Kaka ndiye aliyekwenda bandarini kulitoa, na kadi ya gari ikaandikwa jina lake. Nilimwambia mara kadhaa tuibadilishe, akasema hakuna haraka, sisi ni ndugu. Ndiyo maana siku hiyo alikuwa na ubavu wa kutangaza alichotangaza.

"Hawa," aliniita kwa jina, "tairi zako zimekuwa kipara. Kila mvua ikinyesha unavutwa. Juzi umevutwa na punda wa kuchota maji, mji mzima umeona. Nimepata mtu mwenye pikapu, tutabadilishana naye."

"Shikamoo, Kaka," nilimwambia, maana nilikuwa sijamwamkia.

"Marahaba. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Tatizo ni tairi. Nitanunua tairi."

"Tairi gani hiyo ya kulipitisha gari la lami njia ya Kintinku mwezi wa kwanza?"

"Ipo."

"Haipo. Lakini kama unabisha, nenda huko na sare zako, urudi. Ukirudi kwa magurudumu yako mwenyewe, kadi nakupa na gari silitaji tena. Ukivutwa, iwe na lori, iwe na trekta, iwe na punda, gari limekwenda."

Wateja walikuwa wakishikashika khanga wasizotaka kununua, masikio yote kwetu. Nikajibu kwa sauti ya kuwatosha wote. "Nimekubali."

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mansukh. Duka lake liko mtaa wa nyuma ya soko, baba yake alikuwa hapo kabla yake, na katika miaka ile ya ruksa alikuwa ameongeza chumba kizima cha tairi. Tangu asubuhi chumba kilinuka mpira mpya. Alinitolea aina tatu za saizi ya rimu zangu, akazipanga ukutani, akakunja mikono.

Ya kwanza ilikuwa ya kashata nene, yaani vipande vinene vya mpira wa kukanyagia, zile za pikapu. "Hii matope yote inakula, dada," alisema. Nikamuuliza kama aliwahi kuliona gari langu. Tairi ile ingegusa madigadi kila ninapokata kona, na kwenye changarawe kavu ingenitingisha meno. Ya pili ilikuwa pana, nzuri ya kutazama, karibu laini kabisa. Hiyo ndiyo gari langu lilizaliwa nayo huko kwao. Kwenye lami inashika sakafu huwezi kuamini, ila lami yetu ilianzia stendi na kuishia karibu na soko, na zaidi ya hapo ni vumbi hadi Dodoma.

"Na hii?"

"Hii majira yote," alisema Bwana Mansukh, akaibonyeza kwa dole gumba. "Spoti kidogo, mvua kidogo, joto kidogo. Mimi sijauza hata moja. Watu wanasema tairi ya kila kitu haifai kitu."

Niliiinamia. Kashata zake hazikuwa nene wala hazikuwa haba. Zilikatwa kwa umbo la kichwa cha mshale, moja nyuma ya nyingine tairi nzima, na kati yake kulikuwa na mifereji mipana inayotokea pembeni. Katika kila kashata mlikuwa na mikato myembamba ya kushika njia ikiwa imelowa. Ubavu ulikuwa mgumu, hauna ulegevu wa tairi za mashindano. Nikafikiri juu ya mkoa wetu. Mwezi wa kwanza unaweza kuondoka Singida kwenye vumbi, ukapigwa na jua Manyoni hadi usukani uunguze mikono, ukateremka Kintinku ukakuta mbuga imekuwa uji, yote kwa siku moja. Mtu wa namna hiyo anunue tairi ya majira gani, kama si yote?

"Nipe nne," nilisema.

"Watakucheka, dada."

"Wameanza zamani. Nipe."

Siku iliyofuata asubuhi nilizipeleka kwa Ntandu, fundi pancha wa karibu na stendi. Ntandu anatoka kwa wafugaji wa Kinyaturu, na kabla ya kushika spana alikuwa kijana wa kufuata nyayo. Ng'ombe wakiibwa, yeye na wenzake walikuwa wakizifuata kwato siku mbili, siku tatu, na njiani anakuambia huyu ni mtamba, huyu anachechemea mguu wa nyuma. Mjini kila mtu alilijua hilo, hata polisi walimwita mara kwa mara. Alipoiona tairi yangu alifurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao.

"Hii ina unyayo," alisema.

Ubavuni mwa tairi palikuwa na mshale mdogo wa mpira. Nikamwonyesha. "Huu unasema tairi izungukie wapi."

"Sawa, mama. Lakini unausomea wapi? Juu au chini?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza.

"Juu tairi haikanyagi kitu," aliendelea. "Inakanyaga chini, na unyayo uko chini. Basi mshale nao usomwe chini." Akaiviringisha tairi vumbini mara moja, akaonyesha alama kwa kidole. "Mtu vidole vyake vinaelekea anakokwenda. Ng'ombe ncha za kwato zinaelekea anakokwenda. Tairi nayo ielekee linakokwenda gari. Tukifunga kinyume, unyayo utasema uongo."

Nilikubali kwa moyo wote, na naomba msomaji asimbebeshe Ntandu peke yake. Alipomaliza nililisogeza gari hatua chache, nikashuka kutazama. Vichwa vya mishale vilikuwa vimejipanga vumbini, vyote vikielekea mbele, na mimi nilivimba kichwa. Nilijiona nimefunga tairi zinazojua zinakokwenda.

Alfajiri ya safari, mvua ilikuwa haijanyesha Singida kwa siku sita. Sare zilijaza kiti cha nyuma na cha abiria hadi kwenye kioo. Kaka Seif, tuliyeishi naye ua mmoja, alitoka na kikoi chake kuniaga, akamwita mke wake na kumwambia mbele yangu kwamba langoni pasifagiliwe mpaka nirudi. Alitaka nyayo zibaki, ili nikiletwa kwa kamba ajue. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Ntandu aje kuzisoma.

"Nitakuachia nyingine za kulinganisha," nilimwambia, nikawasha gari.

Kijijini Mkiwa nilifika jua likiwa limepanda kidogo. Pale njia ya Itigi inapochepuka, akina mama hupanga vitu vyao kando ya barabara, asali kwenye chupa, kuku kwenye matenga, na chai. Mama muuza chai nilimfahamu kwa sura tu. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akaangalia tena gari.

"Unakwenda wapi na hicho kijiko?"

"Kintinku."

"Huko jana mvua imepiga. Utarudi umepakiwa ndani ya lori, mwanangu."

"Nikirudi ninaendesha, utanipa chai?"

"Nitakupa na andazi," alisema, wanawake wenzake wakaangua kicheko. Nililipa chai ya kwenda, nikaondoka nimenuna. Nilikwisha kuchoka kuambiwa nitakavyorudi na watu ambao hawajawahi kushika usukani.

Kati ya Mkiwa na Manyoni tairi zilinistarehesha, nasema kweli. Kwenye changarawe nyembamba, ambako zile za zamani zilikuwa zikiteleza kama zimekanyaga mtama, hizi zilishika. Kwenye kona gari lilinitii. Kwenye matuta ya barabara, yale madogo madogo yanayotetemesha hata mawazo, niliongeza mwendo badala ya kupunguza, gari likapita juu juu. Niliimba. Sina sauti, lakini niliimba mpaka Manyoni.

Mchana niliteremka mteremko wa Saranda. Njia ile wakati huo ilikuwa ya kokoto na mawe yaliyotokeza, ukuta upande mmoja, bonde upande wa pili. Nilikwenda kwa gia ya kwanza na mguu mwepesi. Lori mbili nilizozikuta chini zilikuwa zinasubiri kupanda, na madereva walitoka kwenye kivuli kuja kulishangaa gari. Mmoja akaniuliza nimepotea njia kutoka wapi. Nilimwambia nimetoka Singida na nitapanda hapa kesho, akatikisa kichwa kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko kicheko.

Alasiri nilikuwa Kintinku; tope la mvua ya jana yake lilikuwa limekauka barabarani. Mwalimu Chilongani, mwalimu mkuu wa shule, ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliponiona nashuka alipiga makofi.

"Mbukwenyi!" alinisalimu kwa Kigogo. "Sisi tulisubiri lori, kumbe zimekuja kwa ndege."

Tulizihesabu sare, tukazijaribisha kwa watoto wachache waliokuwa karibu, na mbili nilizilegeza kwapani pale pale kwa sindano ya mkono. Jioni mvua ilianza. Haikuwa ya ngurumo, ilikuwa ile ya kimya, ya kudumu, inayojua kazi yake. Mwalimu alinipa ugali wa uwele na mlenda, na tulipokuwa tunakula alisikiliza habari ya Kaka Seif na kadi yake.

"Na kesho ukikwama?" aliuliza.

"Sikwami."

"Mimi sijauliza kama utakwama. Nimeuliza ukikwama."

Nikaomba mlenda zaidi.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na kila kitu kinang'aa. Nilimuaga Mwalimu Chilongani nikiwa na haraka ya kujionyesha. Nyumba za mwisho za kijiji zilikuwa bado zinaonekana kwenye kioo nilipoingia kwenye udongo mweusi, na hapo tairi za majira yote zikanigeuka. Gari lilianza kwenda ubavu. Nikageuza usukani, likaenda ubavu wa pili. Nikakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure na gari likatulia katikati ya barabara, limeangalia mtaroni. Nilikaa mle ndani nimeshika usukani kwa mikono miwili, nikamwona Kaka Seif waziwazi, anakabidhiana funguo na mtu wa pikapu. Nililia kidogo, kwa hasira, nikajifuta kwa ncha ya khanga na kushuka.

Tairi zilikuwa zimejaa udongo. Si kwa nje tu. Katikati, pale vichwa vya mishale vinapokutana, udongo ulikuwa umeshindiliwa kama mtu ameutwanga, na mifereji yote imezibwa. Nikaanza kuuchokonoa kwa bisibisi, nikaona nitamaliza mwaka. Nilihitaji chepe la kuchimbia na ubao wa kuwekea chini.

Hatua chache mbele yangu barabara ilikatwa na nyayo za trekta, mbichi kabisa, za asubuhi ile. Trekta likiwepo, dereva yupo, na dereva wa trekta hakosi chepe. Nilizitazama nyayo. Kashata za trekta nazo zina umbo la mshale, kubwa kubwa, na mishale ilikuwa inaelekea kushoto, kwenye miti fulani nyuma ya kijiji. Nikazifuata kama Ntandu alivyonifundisha. Viatu nilikwisha kuvivua. Nilitembea kwenye matope mpaka nikatokea kwenye banda la mabati, na mbele ya banda mama mmoja alikuwa akianika nguo kwenye uzio.

"Hodi. Trekta liko ndani?"

"Karibu. Trekta halipo. Limetoka alfajiri, liko shambani kule," akaonyesha mkono nilikotoka, ng'ambo ya barabara.

"Lakini nyayo zinaelekea huku."

"Zinatoka huku," alisema, akanitazama kama mtu mwenye homa. "Mume wangu ndiye dereva. Nimelisikia mwenyewe likiondoka."

Niligeuka nikazitazama tena nyayo kuanzia mlangoni mwa banda, pale ambapo trekta lilianzia safari. Kila mshale ulikuwa na ncha nyuma. Trekta lilikwenda mbele, mishale yake ikaangalia lilikotoka. Na trekta lile halikuwa limefungwa tairi kinyume, maana lilikuwa linalima mpunga kwenye tope ambalo mimi lilinishinda.

Nikachuchumaa, nikaviringisha kiganja changu hewani kama gurudumu, mara moja, mara mbili, yule mama akaacha kuanika. Ncha ndiyo inayogusa ardhi kwanza. Ikigusa kwanza, tope linagawanywa, linasukumwa pembeni kwa mifereji, linatoka. Inapogusa kwanza, inabaki nyuma, na mabawa mawili ya mshale yanachapwa ardhini mbele yake. Kwa hiyo tairi iliyofungwa sawasawa huacha unyayo unaotazama nyuma. Mshale wa ubavuni ulitakiwa kusomwa juu, palepale Ntandu aliposema hapakanyagi kitu. Za kwangu, nne zote, zilikuwa zinalikusanya tope kutoka pembeni na kulishindilia katikati. Nilikuwa nimetoka Singida kinyumenyume.

Nilicheka peke yangu, yule mama naye akacheka, nadhani kwa kuniogopa. Akaniazima ubao mpana na chepe.

Niliporudi kwenye gari, trekta lilikuwa limesimama kando yake. Dereva, Bwana Chibago, alikuwa ameshauteremsha mnyororo na anatafuta pa kuufunga.

"Usiguse!" nilipiga kelele kutoka mbali. Nilipofika niliomba radhi, nikamwamkia. "Shikamoo, baba. Ukinivuta umeniuzia gari."

"Marahaba. Sitaki hela, mama. Hapa nakuvuta mara moja tu, uko kwenye changarawe."

"Najua. Na ndiyo sitaki."

Nikamweleza habari ya kaka. Alisikiliza, akaurudisha mnyororo juu ya trekta bila kubisha. "Basi utafanyaje? Tairi ya kufungua kwenye rimu inataka fundi, na fundi yuko Manyoni."

Hapo ndipo kazi yangu ya miaka yote iliponisaidia. Mshonaji mwanafunzi hukosea akashona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Mkono wenyewe haufumuliwi. Unachomoa miwili, unabadilisha pande, basi. Gurudumu la kushoto likihamia kulia, linazunguka kinyume cha lilivyokuwa linazunguka. Sikuhitaji fundi wala mashine. Nilihitaji jeki, spana, ile spea yangu ya kipara, na mgongo.

Niliweka ubao chini ya jeki. Nikanyanyua mbele kushoto, nikatoa gurudumu, nikavalisha spea gari lisianguke. Nikaenda mbele kulia, nikatoa, nikavalisha la kushoto. Nikarudi nikatoa spea, nikavalisha la kulia. Kisha nyuma, vivyo hivyo. Kila gurudumu nililichokonoa tope lote kabla ya kulirudisha. Jeki ilizama mara mbili, na mara mbili niliichimbua. Bwana Chibago alikaa juu ya trekta lake, akiniambia kila baada ya muda kwamba mnyororo upo. Mara moja tu alishuka, akanishikia nati zisipotee, na nikamwuliza kama kushika nati ni kuvuta. Alifikiri kwa uzito kabisa, akasema hapana.

Jua lilikuwa juu nilipowasha gari. Nilitia gia ya pili, nikaachia klachi polepole. Gari likasita, likanguruma, likashika. Tope liliruka pembeni pande zote mbili, lilipiga milango, lilipiga vioo, jingine likampata Bwana Chibago kifuani, na gari langu likatoka kwenye udongo mweusi likiwa limenyooka. Nilipiga honi mpaka changarawe ilipoanza. Sikusimama, nilimpungia mkono dirishani. Ubao na chepe nilikuwa nimeshavipakia kwenye trekta.

Saranda, saa za alasiri, zile lori mbili zilikuwa bado chini. Mteremko ulikuwa umelowa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Yule dereva wa huruma alinyanyua mkono kunizuia.

"Mama, subiri pakauke. Hilo ni la lami."

"Jana pia ulinihurumia," nilimjibu, nikapita.

Nilipanda bila kusimama. Kwenye kona ya pili nyuma ilitaka kuteleza, nikaondoa mguu kidogo, mifereji ikafanya kazi yake, tukaendelea. Juu kabisa nilisimama, nikashuka, nikaangalia chini. Lori ya kwanza ilikuwa imeanza kupanda.

Nililala kwa shangazi yangu Manyoni, na asubuhi nikashika njia ya nyumbani kwenye vumbi lile lile la juzi. Njia nzima nilikuwa nafikiri. Watu wote walionikataza walikuwa wameitazama tairi, na hakuna aliyeitazama inavyofanya kazi. Lakini na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilichagua vizuri dukani, nikajua kila mkato na kila mfereji, kisha nikaridhika na unyayo kwa kuwa ulinipendeza. Sitamlaumu Ntandu kwa kujua ng'ombe. Nitajilaumu mimi, niliyeona mshale na kukubali uelekezwe na mtu mwingine. Kuanzia siku ile, kifaa changu nakisoma mwenyewe, hata kama fundi ana sifa mkoa mzima.

Mkiwa, mama muuza chai aliniona nikifika. Alimimina chai, akaweka maandazi mawili, akakataa pesa. "Moja nililoahidi," alisema, "na moja la mdomo wangu."

Saa saba mchana niliingia Singida. Sikwenda dukani wala sokoni, nilikwenda nyumbani, nikapita langoni taratibu, nikazima gari katikati ya ua. Lilikuwa limepakwa tope mpaka paa, jekundu lake halionekani. Nilibaki ndani nimekaa. Kaka Seif alitoka, akalizunguka, akainama kutafuta alama za kamba mbele na nyuma. Hakuzikuta. Akatuma mtu akamwite Ntandu.

Ntandu alipofika hakuniamkia hata. Alikwenda langoni moja kwa moja, akapiga magoti. Vumbi halikuwa limefagiliwa, na nyayo zangu za kwenda na za kurudi zilikuwa wazi pamoja, zimepishana kwa shubiri, mishale yote ikielekea nje. Alizifuata mpaka barabarani, akarudi nazo mpaka kwenye gari. Akashika kidevu. Akazifuata tena.

"Bwana Seif," alisema hatimaye, "gari halikuvutwa. Hakuna gari jingine lililoingia hapa mbele yake."

"Kwa hiyo limerudi lenyewe?"

Ntandu aliangalia nyayo, akaliangalia gari, jasho likamtoka. Nilimjua tabia yake, hawezi kusema kitu ambacho unyayo haujasema.

"Hapana," alisema. "Hili gari limetoka. Halafu limetoka tena. Unyayo wa kurudi hakuna."

Kaka Seif alimtazama. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nyuma ya usukani kwenye ua wake, dirisha wazi, tope kwenye nyusi.

"Umesikia mwenyewe, Kaka," nilimwambia. "Halijarudi. Gari ambalo halipo utalibadilishanaje na pikapu?"

Nilimwahidi Ntandu nitamweleza nikishanawa. Kaka hakucheka, ila mashavu yake yalikuwa yanapigana na kitu. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kadi ya gari. Aliiweka juu ya boneti, palepale kwenye tope. Halafu akachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani tangu nilipoondoka, akaenda langoni, akaanza kufagia mwenyewe.